Mkazo wa Pili

Lubunga, Jumanne, 9 Septemba 1980

Leo ni tarehe tisa Septemba, mwaka 1980. Nimekaa mbali na Kasongo miaka kumi na sita, na mvua za Kisangani bado sijazizoea. Kwetu mvua hutangaza kuja. Hapa hukukuta katikati ya sentensi.

Nimeanza kuandika kwa sababu ya habari aliyoniletea Faustin, nahodha wa Bomoko, boti inayosafiri kati ya Ubundu na Kindu. Jana alifika karakanani kwangu na injini ya boti imefungwa kamba juu ya mkokoteni, na kabla hajanieleza ugonjwa wa injini alinieleza kwamba Kindu alikutana na mtu wa Kasongo aliyetumwa na Aziza. Aziza ni mjane wa mdogo wangu, Amuri. Anasema macho yake yanakwisha. Anasema ni yeye peke yake aliyebaki anayejua mahali alipomzika mumewe, ndani ya mashamba ya kahawa, na kahawa yenyewe imeachwa hadi imekuwa msitu. Shemeji aje, anasema, kabla sijashindwa kumwonyesha.

Amuri alichukuliwa mwaka 1964, mchana, kutoka kwenye karakana yetu, na watu wenye silaha ambao hawakuuliza jina lake. Mimi nilikuwa Kindu kutafuta vipuri. Njia ikafungwa nyuma yangu, nikashuka na mto pamoja na wengine. Aziza na jirani yake mmoja walimzika alfajiri, bila mwanamume wa kumsalia. Jirani alikufa. Hayo yote niliyajua tangu zamani. Nisichokijua ni mahali, na miaka hii yote nilijifariji kwamba Aziza anapajua.

Barabara ya kwenda Kasongo haipitiki. Imebaki reli hadi Ubundu, kisha Bomoko, boti pekee inayopandisha abiria hadi Kindu, na mbele ya hapo hata kwa miguu.

Alhamisi, 11 Septemba

Mwenye Bomoko ni Mama Micheline, mfanyabiashara wa mchele na mawese. Majina ya ubatizo yalipokatazwa alipewa jina jingine, ambalo halitumiwi na mtu isipokuwa polisi. Ana sauti ya chini, watu husogea karibu ili waisikie, na wakishasogea wamekwisha shindwa. Leo alivuka mto kutoka mjini kuja huku Lubunga kuiona injini yake. Aliizunguka kama mtu anayemtazama mgonjwa wa jirani.

“Papa Lukumani,” akaniambia, “hii moteur iko natema maji sawa mutoto ya rhume. Utaiponya, ao niitafutie cercueil?”

Nikamweleza kwamba si mafua wala si ya jeneza, injini ni nzima, kilichokufa ni utando wake. Ina silinda sita na turbo, yaani gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka, ili lisukume hewa ndani kwa nguvu. Ndiyo maana Bomoko huweza kupanda mkondo na mzigo ambao boti nyingine huuacha ufukweni. Lakini hewa iliyoshindiliwa namna hiyo, ikiwaka, hutaka kuking’oa kichwa cha injini kutoka kwenye mwili wake. Katikati ya kichwa na mwili pana utando mwembamba tu. Mafundi wa hapa tunauita joint. Ukichoka, moto unaingia njia ya maji na maji yanaingia njia ya moto. Huu umechoka kati ya silinda ya tatu na ya nne, umeungua mweusi kama mkate wa pembeni mwa tanuri.

Akauliza kama safari hii utadumu. Nikasema joint ya karatasi na asbesto haitadumu, nitakata ya shaba. Akauliza ninataka nini. Nikasema nafasi moja hadi Kindu. Akasema hicho ni kitu kidogo sana, kwa hiyo lazima ni kikubwa.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua. Sikufanya kitu.

Jumatano, 24 Septemba

Tunatafuta bamba la shaba. Nchi hii imelipa jimbo zima jina la Shaba, na mji mzima wa Kisangani hauna kipande cha kuenea kichwa cha injini. Benoît, mwenzangu wa kazi, amekwenda hadi mitaa ya Mangobo na Tshopo akarudi na sinia moja lililotoboka na habari nyingi za watu.

Benoît ni mtu wa miaka arobaini, anaimba bezi kanisani, ile sauti nzito ya chini, na hukaa Mangobo, hivyo kila asubuhi huvuka mto kwa pirogi. Hucheka kabla ya kumaliza mzaha wake. Kwa sababu ya sauti hiyo, chama kimemteua kuongoza wimbo katika kikundi cha animasyo, yaani nyimbo na ngoma za kuisifu serikali, katika komini yake. Tarehe 24 Novemba utawala unatimiza miaka kumi na tano, na tayari wanafanya mazoezi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Shaba imepatikana, kutoka kwenye pipa la kiwanda kilichofungwa. Tumelikata, tumelinyoosha, tumelisugua. Mama Micheline alituma mtu aulize kwa nini mafundi wawili wazima wanacheza na sufuria.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeilainisha shaba. Unaipasha moto mpaka iwe rangi ya cheri, unaitumbukiza majini, inatoka laini kama ngozi ya kondoo. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba ni kinyume. Amuri alilipenda jambo hilo, alilisimulia hata kwa watu wasiolijali.

Nilipoitumbukiza, katikati ya mlio wa mvuke, nilimsikia akisema, “Vuta.” Neno hilo moja tu, na ile irabu ya mwisho aliyozoea kuiburuza. Benoît alikuwa amenipa mgongo, anapiga mruzi.

Nina miaka sitini na mitatu. Sikio langu la kushoto liliharibika zamani kwa kelele za mitambo. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba sikio bovu hujitengenezea sauti zake. Naandika hivyo, na ni kweli, lakini sikio hilo halijawahi kunitengenezea sauti ya mtu mwingine yeyote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mto unapanda. Nyumba za chini hapa Lubunga zimeanza kuweka vitanda juu ya matofali.

Jumapili, 19 Oktoba

Idi Kubwa. Nilikula kwa Wamaniema wenzangu, watu wa upande wa kwetu. Waliizungumzia Kasongo kama watu wanavyomzungumzia mtu aliyeoa vibaya. Sikuwaambia kwamba nakwenda.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumemaliza kuchonga mfereji kuizunguka kila silinda, na ndani ya kila mfereji tumelaza pete ya waya wa chuma, iliyochomoza kidogo tu. Kichwa kikikazwa, waya unaing’ata shaba, na hapo hata turbo ikisukuma kwa nguvu zake zote, moto haupati upenyo.

Leo tumekaza mara ya kwanza. Niandike namna tunavyofanya, kwa maana nadhani hakuna tena wanaofanya hivi. Spana ya kupimia hatuna. Amuri na mimi tulijifunza kukaza kwa mikono miwili ya watu wawili. Mmoja ni mwitaji, mwingine ni mvutaji. Mwitaji huweka mdomo wa spana juu ya bolti, kwa mpangilio unaoanzia katikati kwenda nje, kisha husema “Vuta.” Mvutaji hufumba macho. Haitazami bolti, hahesabu, kazi yake ni kuusikiliza mkono mpaka chuma kianze kurudisha nguvu kama upinde. Hapo anaacha. Akivuta zaidi ya hapo, bolti inarefuka na hairudi tena. Itashika leo, itashika kesho, na siku ya nguvu itakatika.

Kasongo mwitaji alikuwa Amuri. Hapa ni Benoît. Kwa ile bezi yake, kazi ilikwenda vizuri, kila bolti niliisikia ikijibu.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumeiwasha injini juu ya magogo, na pipa la maji pembeni. Haikutema hata tone. Benoît aliichezea rumba. Sasa lazima ipoe kabisa, shaba ikishalala, ndipo tukaze mara ya pili. Mkazo wa pili ndio kazi yenyewe. Wa kwanza ni salamu.

Mama Micheline amepanga kila kitu. Injini itapanda treni ya Jumamosi ijayo, Bomoko itaondoka Ubundu tarehe 20. Nahesabu kuwa kabla Novemba haijaisha nitakuwa mbele ya mlango wa Aziza.

Jumatatu, 10 Novemba

Benoît hakuja. Vijana wa chama wamekusanya watu wote wa animasyo kwa mazoezi.

Jumanne, 11 Novemba

Hakuja.

Jumatano, 12 Novemba

Hakuja. Ng’ambo ya mto, kati ya mvua na mvua, nasikia ngoma na halaiki ya watu wakijibu. Anayewaongoza bila shaka ni Benoît.

Alhamisi, 13 Novemba

Amekuja, lakini bila sauti. Wamemwimbisha siku tatu mfululizo, kwenye jua na kwenye mvua, na koo lake limebaki na hewa tupu. Alinionyesha kwa mikono jinsi walivyotakiwa kucheka wakati wa kucheza. Nikacheka mimi kwa niaba yake.

Ingefaa tusubiri. Treni ni keshokutwa. Tukakubaliana kwamba atakapoweka mdomo wa spana mahali pake atagonga mwili wa injini mara mbili kwa nyundo ndogo, nami nitavuta.

Nilifumba macho. Akagonga, nikavuta. Akagonga, nikavuta. Mvua ilianza juu ya mabati, si kubwa. Bolti za katikati zilikuwa zimelegea kidogo, kama inavyotakiwa, na zikajibu vizuri. Tulipofika silinda ya tatu na ya nne, pale joint ya zamani ilipoungulia, alisema, “Vuta.”

Nikavuta.

Haikuwa bezi, na Benoît hana sauti. Nililijua hilo nikiwa bado nimeshika spana. Lakini mkono uliozoea kitu tangu ujana hauombi ruhusa. Kisha nikasikia nyundo, nikavuta. Kisha Amuri tena, karibu kabisa na sikio langu la kushoto, “Vuta,” kwa upole, jinsi alivyosema kazi inapokwenda vizuri. Nikavuta. Sikuogopa. Niandike ukweli: nilikuwa na furaha. Nilijisemea kwamba tunakaza watatu.

Tulipomaliza, Benoît alinishika bega, akaenda kunawa.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi Benoît amepata mnong’ono. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama jana kazi ilikwenda sawasawa. Akasema iko bien, ila kuna mahali niliongeza.

“Wapi?”

“Pale katikati, Papa. Mara mbili ulivuta mbele niondoshe spana. Kila mara ni bolti ulishavuta.” Akacheka bila sauti. “Nilizani unafanya exprès, makusudi. Wewe ndiye mukubwa ya kazi. Mi ni nani nikukatale?”

Nikamuuliza kwa nini hakugonga kunizuia. Akasema angegonga ningevuta tena, kugonga ndiyo ilikuwa ishara.

Nimekaa na jambo hili kutwa nzima. Naliandika hapa ili lisimame mbele yangu.

Bolti mbili huenda zimevutwa kupita kiasi. Huenda. Hapa juu ya magogo injini haitaonyesha chochote, kwa sababu bila mzigo turbo haisukumi kwa nguvu zake. Itaonyesha Ubundu. Na bandari ya Ubundu iko juu kidogo tu ya maporomoko. Boti inayoondoka pale lazima ipande mkondo tangu dakika ya kwanza kwa nguvu zote za injini. Ikizimika pale, mto hauirudishi gatini. Faustin anaishi ndani ya Bomoko pamoja na mkewe Félicité na watoto wao, na sitahani huwa na abiria, na mbuzi, na wanawake waliokaa juu ya magunia.

Nikifungua kichwa kutazama, bolti zilizoharibika hazina mbadala karibu zaidi ya Kinshasa, na Kinshasa ni mwezi mmoja wa mto, au zaidi. Aziza hana mwezi wa macho.

Nisipofungua, nitakuwa Kasongo kabla ya Desemba. Na mimi mwenyewe nitakuwa ndani ya boti hiyo, nikishiriki hatari yake. Nusu ya mchana wazo hilo lilionekana kama haki.

Niliingia karakanani nikasimama karibu na injini. Nilimwita Amuri kwa jina. Nilimuuliza kama alikuwa anataka nije au nisije. Mabati yalikuwa yakidondosha maji ya mvua. Wakati wote wa uhai wake alikuwa mtu asiyejibu swali la namna hiyo.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilivuka mto mapema, nikamkuta Mama Micheline barazani anapima mchele. Nikamwambia treni iende bila injini. Aliendelea kupima hadi gunia likajaa.

Akauliza nimejuaje. Ningeweza kusema Benoît alihesabu. Nilimweleza yote: macho yaliyofumbwa, nyundo, mdogo wangu, na mahali alipolala, na kwa nini niliomba nafasi moja badala ya malipo. Nilizungumza kwa adabu na kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa. Wapagazi wake walikuwa wameacha kazi wanasikiliza, akawafukuza kwa kidole.

“Ungeninyamazia tu,” akasema. “Hakuna mutu angejua.”

Nikasema ndiyo.

“Na ungefika kwako.”

Nikasema huenda.

Alifunga mdomo wa gunia taratibu. “Bon. Fungua. Batu yangu haitashuka mu chutes, kule mu maporomoko, sababu ya mi nilikuwa na haraka ya mchele.” Kisha akaongeza, wala hakutabasamu, “Na umuambie ule ndugu yako, na heshima yote, haiko mufanyakazi yangu. Asiite tena bolti ku moteur ya watu.”

Nilicheka, na nikiwa bado nacheka macho yalijaa machozi. Aliniletea chai, akarudi kwenye mchele wake.

Mchana tulifungua. Nilizisimamisha bolti zote juu ya meza, moja kando ya nyingine. Mbili zilikuwa zimezizidi nyingine urefu kwa unene wa ukucha, na katikati zimepungua, kama shingo. Benoît alizishika akazitazama kwenye mwanga wa mlango, akazirudisha mezani polepole. Leo hakuwa na mzaha.

Bolti zimeagizwa Kinshasa. Mwenye duka la vipuri pale hujibu anapotaka.

Jumatatu, 24 Novemba

Mji mzima umecheza. Nilibaki Lubunga. Mvua iliwanyeshea sawasawa waliokuwa jukwaani na waliokuwa chini.

Ijumaa, 5 Desemba

Maji yameingia uani. Nimepandisha vitabu juu ya kabati.

Jumamosi, 13 Desemba

Simsikii Amuri. Zamani ukimya wake ulikuwa kitu cha kawaida kama ukuta. Sasa kila nikiinama juu ya injini nageuza kichwa, natega lile sikio bovu. Benoît ananiona, anajitia kutafuta spana.

Jumatano, 24 Desemba

Boti kutoka Kinshasa imefika, na bolti zimo. Benoît ameomba ruhusa ya Noeli. Nimempa, na kitoweo.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimeilainisha shaba upya, tumeifunga injini, tumekaza mara ya kwanza. Safari hii nimebadili kazi. Nimemwambia Benoît afumbe macho avute, mimi niite. Alikataa kwanza, akisema hajui kusikiliza kwa mkono. Nikamwambia asikilize kama anavyosikiliza noti kabla ya kuiimba. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi ujanani.

Niliweka mdomo wa spana juu ya bolti ya kwanza, nikasema, “Vuta.”

Irabu ya mwisho ilitoka ndefu. Sikuwa nimekusudia. Benoît alivuta. Nikahamisha spana, nikaita tena, na tena ikatoka vile vile, sauti ya kijana wa miaka thelathini na minne kutoka kinywani mwangu, mpaka bolti ya mwisho. Niliyaweka macho wazi muda wote.

Jumanne, 30 Desemba

Mkazo wa pili umekwisha. Kila bolti mara moja.

Jumatano, 31 Desemba

Faustin amekuja kuichukua injini. Alikataa kiti. Nikajua, maana Faustin si mtu wa kukataa kiti.

Aziza amekufa, Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Mtu yule yule wa Kasongo ameleta habari Kindu, na mtumbwi ulioshuka na mkondo ukazifikisha Ubundu. Wiki ya mwisho, macho yakiwa yamekwisha kabisa, alitaka kuwaonyesha majirani. Aliketi mlangoni akanyoosha mkono upande wa kahawa, akawaambia waende hapo, moja kwa moja, mpaka penye mti ulioinama. Wakaenda. Walikuta miti mingi iliyoinama. Wakarudi kumuuliza ni upi, naye akanyoosha mkono tena, na safari hii, wanasema, ulielekea barabarani.

Bomoko ingeondoka tarehe 20 Novemba ningemkuta. Nimelihesabu hilo mara moja, sitalihesabu tena.

Ijumaa, 2 Januari 1981

Baada ya sala ya Ijumaa niliomba jamaa wanisaidie kuwasalia maiti wasiokuwepo. Imamu aliuliza majina. Nikasema Amuri, na Aziza. Akauliza wamelala wapi. Nikasema Kasongo. Tulisimama safu tatu, wengi wao watu wasiowajua, na ikawa fupi, kama ilivyo siku zote.

Jumamosi, 3 Januari

Treni imeondoka na injini. Mama Micheline alikuja mwenyewe stesheni. Akasema nafasi yangu bado ipo, niende hata hivyo, mtu aende akaone kwao.

Nikamuuliza nikifika nitasimama wapi.

Si mtu wa kujibu haraka ili kufariji. “Donc, basi, bakia, Papa,” akasema. Akabaki kando yangu mpaka behewa la mwisho likapinda kona.

Jumatatu, 12 Januari

Simu ya maandishi ya reli imefika kwa Mama Micheline kutoka Ubundu, naye Benoît amevuka mto kwenye mvua kunisomea. Bomoko iliondoka gatini Jumatano na abiria na mzigo kamili, ikapanda mkondo bila kusita, na imefika Kindu. Kichwa cha injini ni kikavu.

Sitarudi Kasongo.